Bonaventure, Uko?

Jumapili ile ilianza vizuri. Tulitoka misa, tukala ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, mama akafukuza kuku jikoni kwa matusi yake ya kawaida. Ilikuwa vita ya pili, na kwa kuwa usiku hakuna aliyethubutu kutembea, dansi zote zilipigwa mchana. Alasiri hiyo Watoto wa Radi, kundi lililoiga Radi wa zamani, walikuwa wakipiga katika ukumbi mmoja wa Mulongwe, na mama mdogo Generose alikuwa tayari tangu asubuhi.

Niwaeleze Radi wenyewe. Kabla ya vita ya kwanza, vijana wa Uvira waliunda kundi la roki, Radi ya Mulongwe. Nywele ndefu, magitaa ya kukwaruza masikio. Wazee waliwachukia, sisi tuliwapenda kufa. Katikati ya wimbo mwimbaji aliita rafiki zao kwa majina: "Uko?" Aliyeitwa alisimama na kujibu: "Niko!" Bonaventure, mume wa mama mdogo, seremala aliyewatengenezea maboksi ya spika, aliitwa hivyo, na jibu lake likaingia kwenye kaseti. Vita ilipofika mjini, alipanda mtumbwi mmoja na Radi wote pamoja na vyombo vyao. Ziwa halikurudisha mtu, wala kijiti cha ngoma.

Mama mdogo alivaa nyeusi, lakini alikataa tufunge matanga, yaani tumalize msiba. Kila jioni aliweka kaseti.

"Muntu anaitika," alimwambia mama yangu, Bernardine, "tutafunga matanga yake namna gani?"

Kisha radio ikatafuna utepe, pale pale kwenye jibu lake. Nilikata kipande kilichoharibika, nikaunga ncha kwa rangi ya kucha. Kipande chenyewe nilikitupa motoni. Sasa mwimbaji aliita, halafu gitaa tu. Mama mdogo alilia upya, na roho iliniuma.

"Nipeleke kwa Watoto wa Radi," aliniambia. "Banaita majina yote sawa na mu kaseti. Akikosa kuitika na kule, minye natoa hii nguo nyeusi."

Basi Jumapili ile nilikwenda kwa shingo upande. Nakala! Vijana walioiga mpaka kikohozi cha marehemu! Lakini gitaa la kwanza lilipolia, kifua changu kilitetemeka chenyewe. Kaseti hukupa sauti tu. Hawa walikupa jasho, mshipa wa shingo, sakafu inayoruka chini ya miguu. Unajua kabisa kwamba si wenyewe. Mwili haujui. Watu wazima walilia wazi, nami nikiwamo, maana kwa muda ule hakuna aliyekuwa amekufa.

Kisha mwimbaji wao, Lionel, akaanza kuita majina. Kila jina, kimya. Vichwa viliinama.

"Bonaventure, uko?"

Kimya. Mama mdogo alinishika mkono. Tulisubiri. Kimya. Akaanza kufungua kitambaa cheusi kichwani, polepole, machozi yakimtiririka. Nilimshukuru Mungu. Nilidhani yameisha.

Jenereta ikazima.

Magitaa yakafa. Ukumbi ukawa giza, mwanga ukabaki mlangoni tu.

"Generose, uko?"

Haikutoka kwenye spika. Ilitoka nyuma yetu, karibu, sauti ya chini ya mwanaume. Kwetu mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Nilimbana mkono.

"Mama mdogo, usiitike," nilinong'ona.

"Ni yeye."

"Usiitike!"

"Niko," akasema. Sijawahi kumsikia na furaha ile.

Mkono wangu ukabaki mtupu.

Jenereta ilipowaka, kiti chake hakikuwa na mtu. Kitambaa kilikuwa juu yake, kimekunjwa vizuri, kinachuruzika maji. Lionel aliapa hakuita jina hilo, hata hakulijua. Evariste wa mlangoni aliapa hakutoka mtu. Tulimtafuta ufukweni mpaka saa ya kujifungia ndani ikatufukuza. Hatukumpata siku ile, wala siku nyingine.

Miezi ilipita. Familia ikakubaliana kufunga matanga ya wote wawili kwa pamoja. Jamaa walishuka kutoka Bijombo, wengine walitoka Kiringye, pombe ya mtama ikatengwa uani. Kabla ya sala, mama aliniomba niweke kaseti, tuwaage kwa wimbo wao.

Niliiweka bila wasiwasi. Kiungo kile nilikitengeneza kwa mikono yangu.

"Bonaventure, uko?"

"Tuko," zikaitika sauti mbili.

Moja tuliijua kwa kaseti. Nyingine ilikuwa imekula nasi mezani miaka yote ile.

Mama alizima radio. Akanigeukia.

"Banaitika," akasema kwa sauti ndogo. "Ambia bantu barudi kwabo."

Matanga hatujayafunga. Kitambaa mama alikianika kwenye kamba nyuma ya nyumba, siku ile ile tuliyokileta. Hakijakauka mpaka leo.