Kadi Isiyoingia

Laptopu ya Mhandisi Fawzia ilikuwa imefunuliwa mgongo juu ya meza, na kadi ya kuhifadhia kazi zake haimo. Michoro ya daraja ya miaka miwili ilikuwa imekwenda nayo.

Inspekta Salim Bawazir alifika nyumbani kwa Fawzia, mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah, akakuta hukumu imekwisha kutolewa. Kadi ilikutwa mkobani mwa Velma, mfanyakazi wa ndani kutoka Kenya. Fawzia, madam wake, alitaka awekwe rumande na ikama yake, kibali cha ukaazi, ifutwe. Halas, basi.

Salim, mzaliwa wa Mombasa, alimhoji kwa Kiswahili.

"Hii umeitoa wapi?"

"Sijawahi kuiona, afande. Hata sijui kazi yake."

Salim alivaa glavu, akailekeza kadi kwenye tundu la laptopu. Ikagoma. Akawasha tochi, akainama kuchungulia.

Kadi za aina hii huwa na pengo kwenye meno yake, na tundu huwa na kizuizi kinachoingia katika pengo hilo. Pengo la kadi hii lilikuwa upande mmoja. Kizuizi kilikuwa upande wa pili. Viwango viwili tofauti. Kadi hii haikutoka humu, wala isingeweza kukaa humu. Akasoma maandishi yake: haikuwa hata ya kuhifadhia kazi, bali ya kunasia intaneti ya simu.

Nayo ilikuwa na nambari ya utambulisho. Aliipigia kampuni ya Fawzia simu, wakampa jibu dakika hiyo hiyo: imetoka kwenye laptopu ya zamani ya Duncan, mhandisi wa tawi la Riyadh, aliyekula chakula kwa madam siku mbili nyuma.

Adhuhuri Salim alikuwa ameshatua Riyadh kwa ndege. Ndani ya laptopu mpya ya Duncan, kadi ya Fawzia ilikuwa imekaa barabara. Kabla ya yote Salim alipiga simu Jeddah, akaagiza Velma, aliyekuwa bado anashikiliwa, aachiliwe. Kisha akavuta kiti.

"Kwa nini?"

"Michoro ni yangu," Duncan alisema. "Nimeichora mimi. Ameipeleka wizarani kwa jina lake. Nilitaka ushahidi wangu."

"Ungekuja kwetu. Velma alikukosea nini hata ukamtilia kadi mkobani?"

Salim aliiweka kadi ya intaneti mezani.

"Wewe ni mhandisi. Ulijua kadi ile haiingii."

"Nilijua." Aliinamisha kichwa. "Nilijua pia kwamba wakishamwona mfanyakazi wa ndani, hakuna atakayejaribu kuiingiza."