Chumba cha Nyuzi Ishirini na Sita

Maiti ya mlinzi ilikutwa saa tisa na dakika arobaini alasiri, nyuma ya mlango wa chumba cha betri, mkono wa kulia umeinuliwa kama wa mtu anayebisha hodi. Alikufa kwa moshi kabla moto haujamfikia. Betri nane za pikipiki za umeme zilikuwa zimeungua pamoja na chaja zake. Kufikia magharibi polisi walikuwa wamemtia mbaroni fundi wa kituo hicho cha kubadilishia betri.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mkaguzi wa zimamoto alishuka na chekeche lake kwapani. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, na wenzake walimwita Majivu. Elimu ya moto hakuipata darasani. Aliipata kwa kuchekecha vilivyobaki baada ya moto kuzimwa, miaka ishirini na mbili.

Langoni alimkuta mwanamke amekumbatia redio ndogo na jozi ya ndara.

"Shikamoo, mama. Mimi ni binti wa marehemu. Nimekuja kuchukua vitu vyake. Na huyo waliyemfunga ni mume wangu."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu."

"Baba nimemzika jana. Kesho saa mbili mume wangu anasomewa mashtaka ya kumuua. Watoto wananiuliza wamlilie nani kwanza."

Majivu aliweka chekeche chini. "Ni kweli waligombana?"

"Asubuhi ile ile, mbele za watu. Mume wangu alimwambia, 'Baba, ukiendelea kulala chumba cha betri, utafia humo.' Polisi wameandika 'utafia humo.' Yaliyotangulia hawakuyaona."

"Alikuwa akilala humo?"

"Kuna feni. Mchana jua likimzidi hujinyoosha nyuma ya rafu. Mkwewe alimkataza mpaka akachoka. Baba alikuwa mbishi kama mlango uliovimba." Alitaka kucheka, ikashindikana.

Msimamizi wa kituo aliwapokea ofisini. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Ukutani, juu ya friji ndogo, kulining'inia cheti cha kituo kilichobadilisha betri nyingi kuliko vyote kwa miezi miwili mfululizo.

"Wakati wa moto ulikuwa wapi?" Majivu aliuliza.

"Duka la vipuri, mama. Niliondoka saa nane kamili, nikarudi saa kumi. Nilikuta zimamoto wanakunja mipira yao."

"Betri inayotoka juani inaruhusiwa kuchajiwa papo hapo?"

"Hata kidogo! Inapumzishwa kwanza kwenye rafu ya kivulini, nusu saa au zaidi. Halafu kila chaja ina waya wa kipima joto unaobanwa kwenye betri. Betri ikizidi nyuzi arobaini na tano, chaja inajizima yenyewe. Hapa usalama ndio wa kwanza." Aliinama kidogo. "Kusema kweli, fundi alikuwa mzembe. Na funguo za chumba anazo yeye. Ama mwulizeni Mwewe, aliangusha betri juzi yake."

Mwewe alikuwa dereva mrefu mwenye kofia ya chuma iliyochorwa mabawa. Aliitwa kutoka kwenye foleni, akaja amejaa maneno.

"Niliiangusha, ndiyo! Shimo barabarani, mama, si mimi! Lakini sikuificha. Nilimpa fundi mkononi, akanitukana vizuri sana, akaenda kuizika."

"Kuizika?"

"Kwenye mchanga, kule nyuma. Zote mbovu anazilaza huko kama mayai ya kobe."

Majivu alikwenda nyuma ya ua. Kwenye sanduku kubwa la mchanga alikuta betri kumi na mbili, kila moja ina tarehe ya chaki. Moja ilikuwa na ufa wa kuanguka, ya juzi yake, kama walivyosema. Mwewe akatoka kwenye hesabu. Zile kumi na moja zilikuwa zimevimba ubavuni, dalili ya betri iliyopikwa na joto mara kwa mara. Zilikuwa betri za kudumu miaka mitatu, zimekufa kwa wiki chache. Tarehe ya kwanza ilikuwa ya miezi miwili iliyopita.

Aliingia chumbani, akapiga magoti, akaanza kuchekecha.

Rafu ya kupumzishia betri ilikuwa mbali na moto. Alifuta masizi kwa kidole. Chini yake alikuta vumbi nene, laini, la siku nyingi, wala hapakuwa na alama hata moja ya kitako cha betri. Kisha akazifuata nyaya za vipima joto, moja baada ya nyingine. Kila waya ulipaswa kuishia kwenye betri yake. Zote nane ziliishia kwenye kona moja, ncha zake zimeganda ndani ya donge la plastiki lililoyeyuka, lenye mkono wa kushikia.

Alilipiga picha. Halafu akampigia simu mwenzake wa zimamoto aliyetangulia kuufikia mlango siku ile.

"Mlivunja kufuli?"

"Hapana. Kufuli lilikuwa linaning'inia wazi. Ila komeo la nje lilikuwa limesukumwa. Nililirudisha kwa kidole."

Komeo halihitaji funguo.

Nyuma ya ukuta wa kituo alikaa fundi viatu, msumari mdomoni. Alisema hakuona kitu. Ukuta ni mrefu. "Lakini nilisikia, dada. Saa tisa na dakika kama kumi, kabla moshi haujaonekana huku nje. Nilidhani wanatengeneza kitu." Alimweleza jinsi alivyosikia. Majivu aliandika, akamshukuru.

Saa sita mchana alimwita inspekta wa polisi ofisini kwa msimamizi. Binti wa marehemu alikuwa bado ameketi pembeni, ndara mapajani. Mkononi Majivu alishika karatasi ya kumbukumbu ambazo chaja hutuma makao makuu.

"Siku ile nje kulikuwa na nyuzi thelathini na tisa," alisema taratibu. "Chaja zako zote nane, tangu saa nne hadi moto, zimeandika ishirini na sita. Betri nane zilizotoka juani, na hakuna hata moja iliyotofautiana na mwenzake. Vipima joto vilikuwa ndani ya jagi la maji baridi."

"Fundi huyo!" msimamizi akaruka.

"Fundi alikuwa akizizika zilizovimba na kuziandika tarehe. Zimeanza kuvimba mwezi ule ule ulipoanza kupata cheti. Na friji iko ofisini kwako."

Msimamizi akaitupia jicho friji, Majivu akaendelea.

"Kila ulipobadilisha maji ulitoka ukafunga komeo, madereva wasichungulie. Siku ile hukujua mzee amelala nyuma ya rafu. Fundi viatu wa nyuma ya ukuta alisikia vishindo."

"Hizo ni betri, mama. Betri zikipasuka hulia vile. Tatu, kimya, tatu, kimya."

Inspekta akainua kichwa.

"Sikusema vililia vipi," alisema Majivu. "Na wewe ulikuwa duka la vipuri."

Binti alikuwa amesimama. "Baba alibisha hodi hivyo maisha yake yote," alisema. "Hata nyumbani kwake mwenyewe. Tatu, anangoja. Tatu, anangoja."

Msimamizi alikaa chini. "Foleni ilikuwa inafika barabarani," alisema. "Madereva wanatukana, makao makuu wanapiga simu, kwa nini kituo chako kinachelewa. Betri haikubali kuchajiwa mpaka ipoe, na hapa hakipoi kitu. Walisema wa kwanza atapewa usimamizi wa vituo vyote. Nilipomsikia nilifika hadi mlangoni. Nikawaza, nikifungua, kila mtu ataliona jagi. Nikasema ningoje kidogo... Halafu akaacha kugonga."

Inspekta alichukua simu, akaamuru fundi aachiwe. Kisha akatoa pingu.

"Swali moja," Majivu alisema. "Hiki cheti. Wasimamizi wengine hawakuja kukuuliza siri yake?"

Msimamizi aliitazama sakafu. "Walikuja. Wote watatu. Wanayo majagi."

Nje saa ilikuwa sita na nusu, na lami ilikuwa imeanza kung'aa. Majivu alipiga simu kituo cha kwanza: zimeni chaja, mtoke nje. Wakaitika. Cha pili wakaitika. Simu ya kituo cha tatu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita.

Alimgeukia binti, simu bado ikiita mkononi.

"Nendeni," binti alisema, ndara za baba yake kifuani. "Mume wangu atanikuta hapa. Na mkifika huko, fungueni mlango kwanza."