Somo la Kiholanzi la Mume wa Chausiku

"Kuanzia leo kisima hiki ni cha Bwana! Anayetaka kuchota, akalime kwanza shambani kwake!"

Aliyetangaza hayo ni Mhina… mume wa Chausiku mwenyewe! Kichwani kavaa kofia mpya ya unyapara.

Ngojeni, wajukuu zangu wa humu. Kitendawili!

Anakunywa kila siku, njia ya kisima haijui.

Mume!

Ndivyo ilivyokuwa kijijini Kang'ata, Handeni, enzi za Mjerumani. Maji kule yalikuwa shida, na kisima cha maji matamu walikijua wanawake tu. Hata mume haonyeshwi.

Mhina alikuwa akiongoza magari ya ng'ombe ya Kaburu mmoja, msema Kiholanzi, kutoka Korogwe. Jioni moja akarudi kwa mkewe kalainika…

"Mama Hiza, nikufundishe Kiholanzi?"

"Mimi tena!"

"Sema: Het water is hier. Water ni maji. Is, yapo. Hier, hapa."

"Na hiyo het?"

"Inatangulia tu. Maji ya wenzetu hayatembei bila het."

Walicheka hadi machozi. Chausiku akawa anairudia akitwanga, anairudia akipika. Kupendwa raha jamani!

"Kesho Kaburu anakuja. Mpeleke kisimani, umwambie hivyohivyo. Atakupa kaniki."

Chausiku mbio kwa shoga yake Fatu, kujishaua.

"Haya, na kumwamkia unamwamkiaje?" Fatu akauliza.

Chausiku akatafuta kichwani. Salamu… hakufundishwa!

"Shoga, nani anafundisha lugha akaruka salamu? Mumeo hakutumi ukaongee. Anakutuma ukaonyeshe kisima!"

Moyo ulimpasuka. Mhina huyuhuyu wa kucheka naye jikoni?

Kesho yake akawaongoza Mhina na Kaburu. Walipofika akapaza sauti:

"Het water is hier!"

Ndipo Mhina akavalishwa kofia na Kaburu, akatangaza yale mliyoyasikia.

Kaburu akainama, akateka kwa kiganja, akanywa…

Puuu! Akatema!

Wajukuu, Chausiku kawapeleka kwenye maji ya magadi, kule wanakopelekwa mbuzi kulamba!

Kaburu alimpokonya Mhina kofia, akapanda gari lake, akaenda zake.

Jioni Mhina akaingia, midomo imemkauka.

"Mke wangu… maji."

Chausiku akamwekea kata mbele. Maji yaleyale ya magadi.

"Het water is hier, baba Hiza."

Akageuka upande. Machozi yake hakutaka yaonekane.

Wajukuu, anayekufundisha neno moja tu, muulize salamu kaificha wapi.