Kauli ya Upande wa Pili

"Wifi yako yuko ghorofa ya pili ya ghala. Yu hai. Shehena ya silaha ikishapakiwa, watamuua."

Sauti ya mpelelezi mwenzake redioni ikakatika.

Sindano, jasusi asiyependa maneno mengi, alipachika bastola ya Glock kiunoni na kumtazama kaka yake aliyeketi pembeni yake ndani ya Land Cruiser.

Kaka huyo alikuwa mwandishi wa habari kabla hajahamia riwaya za kisaikolojia. Gazeti aliliacha, mazoea yakakataa kumwacha. Alipomaliza riwaya kuhusu genge la kuingiza silaha, alimpigia simu mkuu wa genge lenyewe, wa kweli kabisa, kumwomba kauli yake kabla kitabu hakijachapwa.

Eti haki ya kujibu!

Mkuu alijibu kwa kumteka mkewe.

Sindano alishusha darubini. "Mkuu yuko juu na dereva wake. Ngazi ni moja, walinzi wawili wameiziba. Nikilazimisha, wifi anakufa."

"Dada, nakuomba. Sina mwingine duniani."

"Si unaandika jinsi watu wanavyorukwa na akili? Basi mrushe huyo akili. Mpigie."

Mwandishi alimpigia mkuu.

"Mzee, dereva wako ameshanipa kauli yake. Kaeleza ghala, silaha, kila kitu. Nakupa nafasi ujibu."



"Dereva yupi?"

"Huyo uliyekaa naye."

Simuni mtu alianza kuapa kwa jina la mama yake. Mkuu akafoka, akiwaita walinzi wapande wamshike dereva.

Mlango wa gari ukabaki wazi. Sindano alikuwa ameshavuka barabara.

Risasi moja ililia. Kisha vishindo, kiti kikivunjika, mtu akiomba radhi.

"Watatu wamefungwa pingu," Sindano alisema redioni. "Wifi mzima. Leteni askari wazuie shehena."

Mwandishi alipanda ngazi mbio, akamkumbatia mkewe huku akilia bila aibu. Sakafuni alilala dereva, amekufa. Mkuu alikuwa amempiga risasi kabla Sindano hajafika juu.

"Huyu alikwambia nini?" mke aliuliza.

"Hakuniambia kitu. Nilitunga."

Mke alijitoa mikononi mwake taratibu.

"Ndiye aliyekuwa ananinywesha maji wenzake wakitoka."

Mwandishi alimgeukia Sindano, akitafuta kwake neno lolote la kumtuliza moyo.

Sindano alirudisha bastola kiunoni, akashuka ngazi bila haraka.