Taa, Taa, Tazama Chini

Tusekile anaishi milimani, huko Rungwe. Huko mvua haikawii kunyesha, na ukungu hushuka mpaka barabarani.

Baba yake ana pikapu kuukuu. Kila jioni pikapu hubeba madumu ya maziwa. Gurrr, gurrr, pole pole.

Taa zake za mbele zilikuwa hafifu. Ziliwaka njano, kama koroboi inayoishiwa mafuta.

Jioni moja ndama alisimama katikati ya barabara. Baba alimwona akiwa karibu sana. Kriiii! Pikapu ikasimama. "Mooo!" alilia ndama, akakimbia.

"Je, kama angekuwa mtoto?" aliuliza Baba kwa sauti ndogo. Tusekile akamshika mkono.

Asubuhi wakaenda kwa Fundi Asajile. Fundi akatoa globu za zamani, akatia mpya. Akawasha. Pa! Ukuta wa gereji ukawa mweupe.

Fundi akautazama mwanga ukutani. Ulikuwa chini, kiunoni mwa Tusekile. "Hapo sawa," alisema. "Nendeni salama."

Jioni Baba akapakia maziwa. Gurrr, gurrr, pole pole. Sasa aliona kila jiwe. Aliona mpaka matone ya mvua kwenye majani ya chai.

"Baba, ni kama mchana!" alisema Tusekile.

"Ndiyo, mwanangu. Sasa ndama nitamwona akiwa mbali."

Mbele kulikuwa na kona. Kwenye kona alikuja Shangazi Subilaga, dada yake Baba, na baiskeli yake. Kring, kring! Naye alishuka na maziwa, kwenda kituo cha maziwa.

Kring, kri... Puu!

Baba akaruka nje. Tusekile akamfuata.

Shangazi alikuwa mtaroni. Goti lilimtoka damu. Maziwa yake yalitiririka kwenye matope.

"Dada! Umeumia?"

"Baba Tusekile," alisema Shangazi, "umenunua taa, au umenunua jua?" Alitaka kucheka. Machozi yakamtoka.

"Mwanga uliniingia machoni," alisema. "Sikuiona njia. Sikuiona hata mikono yangu."

Baba akamwinua. Tusekile akamfuta matope usoni.

"Jioni sishuki tena," alisema Shangazi. "Naogopa."

Tusekile hakuwahi kumsikia Shangazi akisema anaogopa.

Nyumbani, Baba hakugusa chakula. "Nikirudisha globu za zamani, sitamwona ndama," alisema. "Nikiacha hizi, dada yangu hataiona njia. Nifanye nini?"

Mama akaifunika sahani yake.

Kesho yake wakarudi kwa Fundi Asajile. Pa! Mwanga ukatua ukutani. Ulikuwa kiunoni mwa Tusekile, kama jana.

"Ziko sawa, Baba Tusekile," alisema Fundi.

"Ziko sawa, na dada yangu ameanguka," alisema Baba.

Fundi akakuna kichwa.

Jioni ikafika. Shangazi hakushuka. Njiani hapakuwa na kring, kring.

Baba akaegesha pikapu kwenye kituo cha maziwa. Ukungu ulikuwa mzito, akaacha taa zikiwaka. Tusekile akasimama ukutani, mbele ya pikapu. Mwanga ulikuwa kiunoni mwake.

Baba akapakia dumu nyuma. Kong'! Akapakia jingine. Kong'!

Tusekile akatazama nguo yake. Mwanga ulikuwa umefika tumboni.

Kong'! Kong'! Mwanga ukafika kifuani.

Kong'! Kong'! Kong'! Mwanga ukamwingia machoni. Akajifunika uso.

"Baba! Baba, njoo! Taa zinapanda!"

"Taa hazipandi, mwanangu. Zimefungwa kwa skrubu."

"Zinapanda! Njoo usimame hapa. Uchuchumae, uwe kama mimi."

Baba akaja. Akachuchumaa. Pale pale akafumba macho.

Kisha akaenda kutazama pikapu kwa ubavu. Nyuma ilikuwa imelala chini, kwa uzito wa maziwa. Pua ilikuwa imeinuka juu.

"Kumbe!" alisema Baba. "Tulizipima gari likiwa tupu."

Baba akampigia simu Fundi Asajile. Fundi akaja mbio, bisibisi mkononi. Akayatazama madumu, akatazama ukuta.

"Usishushe hata dumu moja," alimwambia Baba. "Tusekile, mama, simama hapo uniambie. Ukiumia macho, sema."

Tusekile akasimama wima. Fundi akazungusha skrubu. Kri, kri, kri. Tusekile akaimba polepole:

"Taa, taa, tazama chini.
Usiingie watu machoni."

Mwanga ukashuka kifuani. Kri, kri. Ukashuka tumboni.

"Taa, taa, tazama chini.
Usiingie watu machoni."

Mwanga ukashuka kiunoni. "Hapo!" alisema Tusekile. "Hapo haziumizi."

"Na gari likiwa tupu?" aliuliza Baba.

"Zitaangaza karibu zaidi," alisema Fundi. "Basi nawe uende taratibu."

Baba na Tusekile wakapanda hadi kwa Shangazi. Baba akasimama mlangoni. "Dada, nisamehe," alisema. "Njoo usimame kando ya barabara. Utazame mwenyewe."

"Mimi? Nilitazame lile jua lako?"

"Nitakushika mkono," alisema Tusekile.

Wakasimama kando, mbali na njia, wakashikana mikono. Baba akarudi nyuma ya kona, akaja polepole. Gurrr, gurrr, pole pole.

Shangazi akafumba macho.

"Taa, taa, tazama chini," alinong'ona Tusekile. "Usiingie watu machoni. Fumbua, Shangazi."

Shangazi akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili.

Aliuona mtaro. Aliyaona mawe. Alimwona chura akivuka, tup, tup, tup.

"Naiona njia," alisema Shangazi. "Yote naiona."

Akaingia nyuma ya nyumba. Akarudi anasukuma baiskeli, na dumu limefungwa tayari.

Akapita mbele ya taa. Hakufumba macho. Kring, kring! Baba akafuata nyuma, akimwangazia.

Maziwa yakafika kituoni. Hakuna hata tone lililomwagika.

Usiku huo Shangazi alilala kwa akina Tusekile. Tusekile akasogea ukutani, akampa nafasi kitandani.

"Tusekile," aliita Shangazi gizani.

"Abee, Shangazi."

"Kesho jioni nitashuka tena."

Tusekile akamkumbatia, akafumba macho, akalala.