Madebe Matatu ya Mwanakwerekwe

Ijumaa, saa 4:10 asubuhi, 1994.

Chumba cha nyuma ya duka la viatu, Malindi. Mabrouk, mkubwa wa genge, alibandika kidole kwenye ramani aliyoichora juu ya boksi.

"Tunaiba madebe matatu ya benzaldehidi, tunayapeleka Fumba. Ibtisam, mwambie nduguyo."

Ibtisam alikuwa mpimaji kemikali wa kiwanda cha manukato, Mwanakwerekwe. "Inanuka lozi chungu. Inatiwa kwenye sabuni na manukato. Ukiichanganya na kemikali ya asetaldehidi na magadi makali ya kostiki, unatoa harufu ya mdalasini. Lakini ikipigwa na hewa inageuka chembe nyeupe, haifai tena. Msifungue vizibo."

Khalil, mdogo wake, ndiye dereva.

Saa 6:45 mchana.

Watu wote msikitini. Ibtisam akafungua stoo ya kiwanda, Khalil akingoja garini. Yeye na Mabrouk wakatoa mawili. La tatu likamponyoka Mabrouk, likapasuka sakafuni. Harufu ikawavaa.

Mabrouk akatoka, akauvuta mlango.

"Mabrouk!"

"Wewe wanakujua hapa. Wakishakupata, hawatotafuta mwengine."

Ufunguo ulikuwa kitasani, upande wa nje. Ukazunguka. Gari ikanguruma, ikaondoka.

Saa 6:52.

Dirisha moja, nondo tupu. Mvuke ukamchoma macho. Ibtisam akajifunga mtandio puani. Lakini kilichomchoma zaidi ni ile gari. Khalil ndiye aliyeiendesha. Khalil, aliyemlea tangu mama yao afariki.

Akagonga nondo mpaka vidole vikachubuka. Borafya, mlinzi wa getini, aliyewahi kurudi msikitini, akaja mbio.

"Bi Ibtisam! Nani kakufungia?"

Ibtisam akakohoa. Kisha akasema:

"Mabrouk. Na ndugu yangu, Khalil, unamjua. Wameshika njia ya Fumba."

"Ufunguo sina. Ngoja nnapiga simu polisi!"

Saa 7:09.

Mlango ukafunguka. Khalil alisimama pale, anahema, paji la uso linavuja damu, ufunguo mkononi.

"Mabrouk kaniwekea kisu mbavuni, dada. Nkaitumbukiza gari mtaroni, hapo mbele tu. Kazirai, nkamtoa ufunguo mfukoni. Haya, twende!"

Ibtisam hakuondoka. Nyuma ya Khalil, Landrova ya polisi ilikuwa inaingia getini, na Borafya amemnyooshea mkono Khalil.

"Ndiye huyo! Khalil ndiye huyo!"

Khalil akageuka, akarudi kumtazama dada yake.

"Jina langu nani kawapa?"

"Mimi."

Khalil akautia ufunguo kiganjani mwa dada yake, akainua mikono juu.