Kijiko cha Kwanza cha Kapteni Mutasim

Siku ya kwanza ilikuwa wali tu. Kapteni Mutasim alitia kijiko kinywani, akatafuna mara mbili, akautema kiganjani. Wali mweupe, umechambuka, unanukia iliki. Mdomoni ulikuwa panya aliyefia darini.

Kambi ile ya muda ilikuwa mtaa wa Ghala, nyuma ya magereji, naye ndiye afisa aliyeletwa kutoka Salala kuisimamia: gwaride la alfajiri, magari, walinzi, ripoti. Na chakula. Sheria ya kambi, afisa huonja kwanza. Asiposema "kuleni", askari sitini hawagusi kitu. Basi akaamuru wali umwagwe. Jioni akamwaga na mchuzi. Siku ya tatu askari walikuwa wanaishi kwa biskuti, mkuu wake akapiga simu: "Ukimwaga tena chakula kizima, cheo huna."

"Afande, mimi nimekila, kiko sawa kabisa," alinong'ona Walusimbi, mpishi Mganda.

Sawa kwake! Mutasim maji yalimnukia usaha. Hata mate yake mwenyewe aliyameza huku amekunja uso, na ukoga mzito ulimganda ulimini, akiukwangua unarudi. Ptu! Kinyaa kitupu.

Akenda Azaiba kwa mama yake, Bi Muhsina. Mama alimtazama akitapika chai, akashusha sauti.

"Mwanangu, nnakuuliza, usinfiche. Umemwaga nini cha moto?"

Akakumbuka. Siku ya ukaguzi, kabla ya yote haya, supu ilizidi chumvi, na wageni walikuwa getini. Aliamuru sufuria zima limwagwe karoni, kwenye shimo la maji machafu, linachemka vilevile. Walusimbi alisita, yeye akamfokea. Hakuna aliyesema bismillahi.

"Ya Rabbi! Umewaunguza watoto wa wenyewe, watoto wa jini!" Bi Muhsina akajishika kifua. "Na adabu yote niliyokufunza!"

Siku iliyofuata, baada ya alasiri, maalim Thani wa Hamriya, aliyeitwa na Bi Muhsina, alikuja kambini na ubani, marashi na sahani ya halua. Akasoma, akaomba radhi mbele ya karo. Karo likacheua povu la manjano lenye nywele, likatoa harufu iliyomkimbiza Walusimbi mpaka nje, kisha likatulia. Maalim alinawa mikono mara tatu.

"Jini amekubali kukurudishia ladha," alisema chinichini. "Zaidi ya hapo hakutaka kusema nami."

Kesho yake mchana ilikuwa nyama ya mbuzi. Mutasim alionja, na jamani, machozi yalimtoka! Nyama laini, tamu, mafuta yanamteleza kooni. Akachota tena, na tena.

"Kuleni!"

Hakuna aliyenyanyua kijiko. Walusimbi akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu.

"Afande, tema. Huyu mbuzi nimemchinja asubuhi, lakini nimefunua sufuria sasa hivi... tema, nakuomba."

Sasa wanamfanyia mzaha! Mutasim akaikumbuka ile simu, akaona cheo chake kinamtoka hivihivi mbele ya mpishi.

"Nimesema kuleni. Hiyo ni amri."

Na askari ni askari, wakala. Wakala wamebana pua, macho yamewatoka, mmoja akatapika juu ya meza na mwenziwe akaendelea kutafuna kwa kuwa amri haijatenguliwa, na Mutasim akishangaa wana nini hawa, akainamisha macho kwenye sahani yake mwenyewe akawaona funza, weupe, wanene, wanajinyonganyonga ndani ya mchuzi mweusi, mmoja anapanda mpini wa kijiko kuelekea kidole chake, na papo hapo akajua alichokuwa akikila na alichowalisha watu sitini.

Alitaka kusema "acheni". Lakini mdomo ulikuwa umejaa, na ili aseme ilimbidi ateme kwanza.

Hakutaka kutema utamu ule. Alitafuna polepole, akameza, akachota tena.